Niliandikisha Watoto Kasimbi

Buffalo, Jumanne, Oktoba 2016. Mawingu, upepo wa mtoni.

Leo sikwenda kazini. Nimempigia msimamizi nikamwambia naumwa, na si uongo, maana tangu jana mchana sijameza kitu. Upepo wa Niagara unagonga dirisha la jikoni, na kila ukigonga naruka. Nadhani ni watu wa uhamiaji wamekuja.

Naogopa. Acha niseme hivyo hivyo bila kupamba. Majina humu nimeyabadili yote, hata la mwanangu.

Barua ilifika jana, imechelewa kwa sababu ilipitia kwanza nyumba tuliyohama. Anayenisomea barua ni Neema, binti yangu wa miaka kumi na tano, Kiingereza chake kinakimbia kuliko changu. Alisoma kimya, midomo inacheza, kisha akaniuliza kama nimewahi kuwa mwanajeshi. Nikacheka. Mimi huyu? Mimi ninayepanda kiti nikiona panya?

Akarudia neno kwa neno. Ofisi ya uhamiaji inaniita tena Jumatano saa tatu asubuhi, kabla hawajaamua kuhusu green card yangu. Nieleze nilivyoshiriki kwenye conscription ya watoto. Nilete na majina yao.

"Ndiyo," nikamwambia. "Circonscription. Ile kazi yangu ya Kasimbi."

"No, Mama. Conscription is army. Ni kushika watu kwa nguvu wakuwe soldiers. Kids, Mama."

Nikakaa chini palepale kwenye sakafu.

Bon, Kasimbi ni nini. Ukiitafuta leo huipati. Ilikuwa jimbo la uchaguzi kaskazini mwa Katanga, eneo lililopeleka mbunge wake kwenye bunge la mkoa kule Lubumbashi. Waliliunda kwa kuunganisha watu wasioivana: wavuvi wa kando ya ziwa na wakulima wa mlimani. Wavuvi wakataka kituo cha kura kiwe sokoni, wakulima wakataka kiwe shuleni kwao, na mwishowe kikajengwa katikati, porini, ambako wote walilalamikia nyoka. Mbunge wetu wa kwanza alikuja kushukuru na ngoma, hatukumwona tena. Wa pili hakuja hata kushukuru. Halafu vita vikafika, vijiji vikabaki vitupu, wakubwa wakaona hakuna watu wa kuhesabu, wakaitia Kasimbi ndani ya jimbo la jirani. Mwaka jana Katanga yenyewe ikakatwa vipande vinne. Donc jimbo limekufa, mkoa wake umekufa, na nyumba iliyotunza orodha zetu iliungua. Nitaleta karatasi gani?

Kazi yangu kule ilikuwa kukaa mezani na kuandikisha wapiga kura. Jina, baba, mama, mwaka wa kuzaliwa, kidole kwenye wino, picha. Niliipenda kazi ile. Watu waliteremka mlimani wamevaa nguo za kanisani kwa sababu ya picha.

Sasa sikia nilivyojichongea mwenyewe. Wiki tatu zilizopita kwenye mahojiano walinipa mkalimani kwenye simu, mwanaume mwenye Kiswahili laini cha pwani. Sisi Wakongomani tukisema jimbo tunamaanisha mkoa mzima. Wenzetu Watanzania wakisema jimbo wanamaanisha mahali pa mbunge. Nikaogopa tutapotezana, basi nikajitia msomi, nikachukua neno la Kifaransa la jimbo la uchaguzi. Nikasema nilikuwa naandikisha watu katika circonscription. Na hata huko kuandikisha, Yesu wangu, si ndilo neno lilelile la kuandikisha jeshini?

Mzungu aliyekuwa akinihoji akauliza, mkalimani akanigeuzia: "Je, mama, uliwahi kuandikisha watu wasiotimiza umri?"

Nikasema ndiyo.

Nilisema ndiyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeibeba dhambi ile miaka yote, nikaona hapa Amerika watu wanapenda ukweli, wacha niitue. Akauliza ni wengi? Nikasema wengi kiasi. Tena nilitabasamu! Nilitoka pale nimejisikia mwepesi, nikamnunulia Neema kuku.

Ukweli wenyewe ni huu. Kule kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, hakuna kingine. Kwenye vizuizi vya barabarani asiye na kadi anashushwa, na akishushwa hujui atarudi lini. Wazazi walileta watoto wao mezani kwangu, wananitazama tu, hawasemi neno. Mimi nikaongeza miaka. Huyu miwili, yule mitatu. Niliwaandikisha wasichukuliwe na askari, na leo nashtakiwa kwamba ndiye niliyewapeleka kwa askari.

Saa sita nikampigia mzee Anselme, aliyekuwa mkuu wa kituo chetu, siku hizi anapanga maboksi kwenye ghala kule Louisville. Nilitaka anisaidie neno moja tu, kwamba ile ilikuwa kazi ya kura. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Neema, ile kitu ilishakufa, usiifufue," akasema. "Mimi kwenye fomu yangu niliandika mulimaji. Mulimaji tu. Usitaje jina yangu pale, tafazali."

Akakata. Nilimtukana peke yangu jikoni, mwoga we, mzee mzima! Halafu nikaona nimefunga mlango kwa kufuli mbili na pazia nimeshusha mchana kweupe, nikanyamaza.

Majina wanayotaka, mengi nimeyasahau. Moja siwezi kulisahau. Ni Furaha, mtoto wa marehemu dada yangu.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alikuwa ameshazikwa, na mimi nilitaka awe na kadi ya kupita nayo tukikimbia. Nikamwandika kumi na minane. Niliona nimefanya akili sana. Tulipofika kambi ya wakimbizi kadi ile ikasema yeye ni mtu mzima, basi wakamfungulia peke yake kesi ya kuletwa Amerika. Mimi na Neema tukaletwa Buffalo. Yeye akapelekwa Columbus, mtaa wa Linden, kuishi na wasichana asiowajua. Alifika ana kumi na saba, karatasi zinasema ishirini na mmoja. Hakuna aliyemtafutia shule. Wiki ya pili alikuwa ghalani anafunga mizigo, na mpaka leo yuko huko.

Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Si vita, si ofisi. Kalamu yangu.

Nikimtaja kesho, nitakuwa nimewaonyesha kwamba umri wake wote ni wa uongo, na yeye bado anasubiri karatasi zake. Nisipomtaja, nina nini mkononi? Mwanamke aliyekiri kwa mdomo wake kuandikisha watoto, hana orodha, hana jimbo, hana hata shahidi mmoja. Wakinirudisha, Neema atabaki na nani?

Nimempigia Furaha saa nane, alipokuwa kwenye mapumziko. Nikamweleza yote. Nilitegemea alie, au anikatie kama Anselme. Nikasikia mashine nyuma yake.

Halafu akauliza, "Mama mudogo, mimi nilizaliwa lini?"

Sikuelewa. Nikamwambia unajua, ni miaka minne baada ya ile ya kwenye kadi.

"Hapana. Siku. Mama alikufa mbele aniambie, na kwenye karatasi waliniwekea tarehe moja ya mwezi wa kwanza, sawa na wakimbizi wote. Ni weye tu unajua. Nilizaliwa siku gani?"

Jamani. Miaka yote hii sikuwahi kumwambia. Nikamwambia ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, mvua inanyesha, baba yake amekwama ng'ambo ya mto, na mimi ndiye niliyempokea mikononi kabla mkunga hajafika. Nikamwambia alipiga chafya kabla ya kulia. Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kambini.

"Donc niko na kumi na tisa," akasema. "Wakiniuliza nitaogopa sana, mama mudogo. Lakini unitaje. Unitaje na siku yangu ya kweli."

Kengele ikalia huko, akarudi kazini.

Neema amerudi kutoka shuleni na tumekaa mezani pamoja, mimi nasema, yeye anaandika kwa Kiingereza. Tumeandika Kasimbi ilikuwa wapi, ilimpeleka nani bungeni, na ilikufaje. Nimemlazimisha atie neno kura kwenye kila mstari, mpaka akanikasirikia. Chini kabisa kuna jina moja na tarehe yake. Neema alipoiandika aliniuliza kama nina hakika ya kumtaja, nikamwambia sina.

Kesho saa tatu nitaingia pale, na wakiniuliza tena kama niliandikisha watoto, nitasema ndiyo, kisha nitawaomba waniache nimalize sentensi.