Masomo Matano ya Viganja na Mkono wa Mkwe

Anti Gek-lan,

Nakusoma kila Jumamosi huu mwaka wa tisa, na nimewacheka sana hao unaowachamba, sikujua kama siku moja nitakaa kwenye meza yangu ya kulia nikuandikie na mimi, lakini yamenifika shingoni na mume wangu hanisaidii, ananicheka tu, kwa hiyo nakuomba unishike mkono, maana uchumba wa mwanangu unavunjika na nyumba nzima inasema aliyeuvunja ni mimi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, wa hapa hapa Tainan, nimestaafu kazi ya kushona sare za shule, na kwa sababu kukaa bure kunaniletea maradhi nikajiandikisha kujifunza kusoma viganja kwenye ukumbi wa mtaa, kila Jumanne asubuhi, masomo kumi na mawili, mwalimu wetu ni Mwalimu Khu aliyekuwa anauza cherehani zamani, mtu mwenye heshima zake. Somo la kwanza lilikuwa la adabu tu, sijui usisome mkono wa mtu ambaye hakukuomba, sijui habari za kifo hazitamkwi, hilo sikuliandika kwenye daftari, nilidhani ni utangulizi. La pili tukajifunza mistari mitatu mikubwa, wa uhai unaozunguka shina la kidole gumba, wa akili unaokata katikati, na wa moyo ulio juu yake karibu na vidole, la tatu tukajifunza kwamba mwanamume husomwa kushoto na mwanamke kulia, la nne vilima vya kiganja, na la tano, Anti, ndilo lililoniponza, lilikuwa la kiganja kilichokatika, yaani pale mstari wa akili na wa moyo unapoungana ukawa mmoja, ukavuka kiganja kizima kama umepigwa rula, na wewe ni mtu wa hapa, unajua wazee wetu wanavyosema, mwanamume mwenye nao atashika madaraka, mwanamke mwenye nao atazika wanaume wa nyumba yake.

Nikaanza mazoezi nyumbani. Kwenye mkono wangu mwenyewe niliona mstari wa uhai umeishia njiani, kwa hesabu ya kitabu cha masomo nilitakiwa niwe nimekufa nikiwa na miaka arobaini na tano, nikasema hapa bado sijaelewa, mimi ni mwanafunzi. Wa mume wangu nikauona mstari mrefu wa safari za nchi za mbali, akaniambia, "Mama Ka-bing, hilo ni kovu la mnyororo wa pikipiki, na aliyenifunga bandeji ni wewe." Wa mwanangu Ka-bing, ana miaka thelathini na moja, ndio ulionifurahisha, kushoto kwake kiganja kimekatika kizima, safi kabisa, nikampigia simu dada yangu nikamwambia mtoto wetu atakuwa mkubwa wa watu.

Sasa kuna binti, Iu-chin, miaka ishirini na minane, anafanya kazi saluni ya pembeni mwa soko, na niseme ukweli, aliyemleta ni mimi, kwa sababu ndiye anayeniosha nywele kila Ijumaa kwa miaka miwili sasa, unakaa kwenye kiti anakusugua kichwa mpaka unasinzia, na Ka-bing alipokuwa akija kunichukua kwa pikipiki ndipo walipoonana. Sherehe ya uchumba ilikuwa iwe tarehe kumi na nane, tumeitafuta kwenye kitabu cha siku njema, maboksi sitini ya keki za uchumba tumeshaagiza, pete ipo kabatini. Jambo moja tu nilikuwa nalishangaa kwa huyu binti, ukimpa chungwa anapokea kwa ncha za vidole, kiganja hukioni, nikadhani ni maringo.

Jumapili alikuja kula, nilipika supu ya samaki, mwatiko, na tukiwa bado mezani nikamwambia, "Hebu lete mkono mwanangu, mama anajifunza." Akasema, "Mkono wangu mbaya, Mama, umechubuka kwa sabuni." Nikamwambia, "Ah, unanionea haya mimi? Kwani mimi si mama yako?" Akanitazama, kisha akaufungua polepole, wa kulia. Anti, kilikuwa kimekatika. Mdomo ukanitoka wenyewe, "Mungu wangu, Ka-bing atakufa!"

Akaurudisha mkono chini ya meza, akamalizia wali wake kwa mkono wa kushoto, vijiti vinamponyoka, akaosha vyombo vyote, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Ka-bing akanigeukia, "Mama, unajua ulichofanya? Baba yake alikuwa fundi wa umeme, alianguka kwenye nguzo siku ya kimbunga, Iu-chin akiwa na miaka saba, na pale pale msibani bibi yake akamfumbua mkono mbele za watu akasema huu ndio uliomuua mwanangu. Tangu siku hiyo hamfungulii mtu. Mimi mwenyewe nimengoja mwaka mzima." Na mimi badala ya kunyamaza nikasema, "Unaona sasa? Ushahidi si huo?" Akachukua helmeti yake, leo siku ya sita analala kwa rafiki yake.

Juzi nilimwandikia Iu-chin ujumbe wa upole kabisa, kwamba kuna daktari wa ngozi anaweza kumchorea mstari mwingine kwa mashine, nikaweka na picha ya ua mwishoni, akajibu maneno mawili, "Nimezoea, Mama." Na asubuhi hii amemwambia Ka-bing keki zisimamishwe. Jana ilikuwa Ijumaa, sikwenda saluni, kichwa kinaniwasha. Naomba uniambie, niwaambie watu wa kwao kwamba tarehe imeonekana mbaya ili aibu isimwangukie mtu, au nivute siku mpaka Mwalimu Khu afike somo la tisa, nasikia ndilo la kuondoa mikosi, maana yule binti simchukii, nampenda, ninachoogopa ni kumzika mwanangu.

Mama Ka-bing
(majina nimeyabadilisha, ila ukipita mtaani kwetu utatujua)

ANTI GEK-LAN ANAJIBU

Mama Ka-bing,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa nilishindwa.

Tuanze na hiyo elimu yako. Masomo matano kati ya kumi na mawili. Wewe umeshona sare maisha yako yote: binti wa masomo matano ungemkabidhi mkasi na jora zima? Ungempa vifungo avichambue, na ungekaa karibu kumwangalia. Lakini wewe kwa masomo matano umeshika mkasi ukakata watu wawili katikati. Na hata hayo matano ni manne, maana la kwanza hukuliandika. Lilikuwa la adabu tu! Katika kozi nzima ya huyo muuza cherehani, hilo pekee ndilo lililokuwa na maana, na ndilo ulilolipita ukidhani ni utangulizi.

Kitabu kilisema umekufa miaka kumi na minne iliyopita. Ukafanya nini? Ukasema bado unajifunza, ukaenda kupika supu. Ukasoma kovu la pikipiki ukamwona mumeo yuko safarini ughaibuni. Hapo pia ulikuwa mwanafunzi. Lakini ulipofika mkono wa mtoto wa mwenzio, ghafla umekuwa profesa, na profesa hakosei! Nani alikupa cheo hicho kati ya bakuli la supu na sahani ya wali?

Haya, sasa tuje kwa Ka-bing. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba mwanao ana mstari ule ule, umekatiza pale pale, safi kabisa. Kwa mwanao ukapiga simu ya pongezi. Kwa Iu-chin ukapiga ukelele wa msiba. Ngozi inajuaje kama ni ya mwanamume au ya mwanamke, Mama Ka-bing? Na kama kweli mwanao amezaliwa na madaraka kiganjani, mbona hana madaraka hata ya kuchagua mke?

Usinitajie wazee. Mimi nimekulia mitaa mitatu tu kutoka kwako, maneno hayo nimeyasikia kabla sijaota meno. Nimewaona pia wanaume waliokufa kwa pombe, kwa kuendesha pikipiki bila helmeti, kwa kukataa kwenda hospitali, na wajane wao wana viganja vizima kabisa, mistari mitatu imekaa kwa mpangilio. Hakuna aliyekwenda kuwafumbua hao mikono. Na yule fundi wa umeme: kuna mkubwa wa kazi aliyempandisha mtu nguzoni kimbunga kikivuma. Huyo alisomwa kiganja? Hakusomwa. Kilichosomwa ni cha mtoto wa miaka saba, mbele ya jeneza la baba yake. Bibi yake alikuwa amechanganyikiwa kwa uchungu wa mwanawe, huyo naweza kumwonea huruma kidogo. Wewe ulikuwa umeshiba.

Najua hofu ya kumzika mtoto. Hapo sikucheki, na ungeniandikia hofu hiyo peke yake ningekujibu kwa upole. Lakini hofu yako umeibeba ukaenda kumtwisha binti ambaye ameibeba ya kwao kwa miaka ishirini na moja, tena ukamwongezea daktari wa ngozi. Na ua! Ningekuwa karibu yako ningekunyang'anya hiyo simu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililoninyima raha. Mwanao alingoja mwaka mzima kuuona ule mkono. Wewe ulipewa kwa sentensi moja. Ulimwuliza, "Kwani mimi si mama yako?" na yule binti akakutazama, akafikiri, akaamua kwamba ndiyo, wewe ni mama yake. Ndiyo maana aliufungua. Halafu ukamfanyia kile kile alichofanyiwa msibani, karibu kwa maneno yale yale, na yeye akakuoshea vyombo. Kama kuna kitu kilikatika pale mezani, kilikatika hapo.

Kwa hiyo hutawaambia watu wa kwao uongo wa tarehe. Tarehe haina kosa, wewe ndiye mwenye kosa, na aibu ikuangukie wewe, una mabega ya kutosha. Hutangoja somo la tisa. Hilo daftari mpe mumeo aandikie namba za vipuri vya pikipiki yake. Huyo dada yako uliyempigia simu ya cheo, mpigie tena umweleze yote, bila kujipendelea, kisha unyamaze akuchambe na yeye, nisikuchambe peke yangu. Ka-bing usimfuate kumlilia. Atarudi akiona umetengeneza, na usipotengeneza asirudi.

Kama tarehe kumi na nane itakuwepo, Iu-chin atakuletea chai kwenye trei kama wanavyoleta mabinti wetu wote. Pokea kikombe, kunywa, macho yako yabaki kwenye chai. Na akivishwa pete, akakunja kidole kama ilivyo desturi yetu, pete isishuke mpaka chini asije akatawaliwa ukweni, wewe kaa kimya, na moyoni mwombee akunje barabara, maana mama mkwe aliyempata namjua.

Lakini kabla ya tarehe kumi na nane kuna Ijumaa. Nenda saluni saa zako zile zile. Usibebe keki, usibebe matunda, wala usimbebe Mwalimu Khu. Simama mbele yake, na wateja wengine wakiwepo ni vizuri zaidi, kwa sababu alivunjiwa heshima mbele za watu. Mwambie: "Mwanangu, niliuomba mkono wako kwa uongo. Nilisema mimi ni mama yako, na mama hafanyi vile. Nimekuja kuomba radhi." Ishia hapo. Usieleze masomo, usiseme mdomo ulikutoka wenyewe, mdomo ni wako. Akikwambia uondoke, ondoka, na Ijumaa ya pili urudi. Akisema keki zisimamishwe, zisimamishwe. Ana haki hiyo, na usimtafutie mtu wa kumbembeleza.

Na akikuonyesha kiti, kaa. Miaka miwili, kila Ijumaa, mikono yake miwili imekuwa kichwani mwako, wewe umefumba macho unasinzia, na hakuna siku uliyoamka umekufa. Basi fumba macho tena, mwachie kichwa chako chote. Na maji yakiwa ya moto kidogo kuliko ulivyozoea, vumilia.

Anti Gek-lan