Beti ya Mwisho Kabla ya Swichi

Mke wangu mpendwa Perpetua,

Uniwie radhi kwa kukusumbua huko uliko. Nilikusudia kukuarifu habari za nyumbani kwa utulivu, lakini nimejawa na wivu, na sipendi kukuficha.

Tangu tulipokuzika, friza yako imekuwa taabu tupu. Sola inaposhindwa na mawingu na betri kuchoka, nawasha jenereta, napandisha swichi ili umeme wake uingie kwenye inveta, kile kisanduku kinachoilisha friza. Inveta hulia "ta!", huupokea kidogo, kisha huukataa na kurudi kwenye betri. Hupokea, hukataa, hupokea, hukataa, mpaka kila kitu kinazimika. Juzi kambale waliowekwa humo na akina mama wa mtoni waliharibika wote. Hawakunilaumu. Mmoja wao aliniambia tu, "Mwalimu, mashine inamtafuta mwenyewe," na mwingine akashauri friza ihamie kwa Hamisi, yule fundi aliyetufungia mitambo. Friza yako, kwa Hamisi! Niliingia ndani nikajifungia. Samahani.

Unajua sikupata kumpenda sana kijana yule. Kila alipokuja mlikuwa mkicheka kule kibandani kwenye jenereta, nami nimekaa barazani na redio yangu, sijui kinachochekesha. Hata hivyo nilimwita. Alifika jana mchana, akaniamkia vizuri, akanitazama nikiwasha na kupandisha swichi papo hapo. Akacheka.

"Mzee wangu, mbona unaiwahi hivyo? Jenereta bado inayumba, nawe umeshaitwisha friza. Inveta haitaki umeme unaoyumba. Ngoja itulie kwanza. Mama alikuwa anaimba."

Nikamuuliza ulikuwa unaimba nini. Akaanza, Perpetua. Kijana huyo, mtoto wa mwalimu wa madrasa, akauimba wimbo wetu wa Bikira Maria, ule wa siku ya ndoa yetu, na maneno yake yote! Akasema ni yeye aliyekushauri upime muda kwa wimbo.

Nisamehe, mke wangu. Miaka yote hiyo niliamini kwamba ukiimba kule kibandani unaniimbia mimi. Nilikuwa naizima redio na kukuitikia kwa besi kutoka barazani. Kumbe wimbo ulikuwa wa jenereta, tena kwa maagizo ya kijana! Nilimwonea wivu Hamisi, nikaionea wivu hata ile mashine inayonuka petroli. Nikamwambia, kwa adabu niliyoiweza, kwamba anakosea sauti kwenye kiitikio na ningeomba anyamaze.

Hakukasirika. "Basi imba wewe, Mzee, wewe ndiye mwenye kipimo. Mimi nilimwambia Mama beti moja inatosha. Akanijibu, 'Tulia wewe, mume wangu hajamaliza besi yake.' Alikuwa hagusi swichi mpaka umalize. Tulikuwa tunakucheka wewe, ulivyokuwa unaivuta ile Amina!"



Tukazima friza, tukawasha jenereta upya, nikaimba. Kwenye beti ya pili sauti ilinikatika, Hamisi akaushika wimbo kwa makosa yake yaleyale, nami nikamwacha. Nikaivuta Amina, nikapandisha swichi. Inveta ikalia mara moja, ikaupokea umeme, ikatulia. Ndipo tukaiwasha friza. Akina mama wameanza kurudi na samaki wao, na friza haihami.

Wivu haujaniisha, nakiri mbele yako. Yeye alikusikia kwa karibu ukiniimbia, mimi nilikusikia kwa mbali, na redio pembeni. Laiti ningenyanyuka siku moja nikaja kusimama karibu nawe.

Nakuahidi jambo hili. Kila betri zitakapochoka nitakwenda kibandani mwenyewe. Nitaimba besi yangu peke yake, na pale pa sauti yako nitanyamaza. Sitagusa swichi mpaka nawe umalize.

Lala salama, Perpetua. Uniombee, nipunguze husuda.

Mumeo akuheshimuye,
Severini