Wakiniuliza Habari za Kaka

Jumatano, masika, 1968

Mvua inanyesha tangu alfajiri na nguo hazikauki. Kesho asubuhi nahojiwa hospitali kwa kazi yangu ya kwanza, Mungu akijaalia, na moyo wangu umekaa kimya kama si wangu.

Wenzangu niliosoma nao uuguzi wanasema hawapati usingizi kwa hofu. Mimi nalala. Nakula. Jana nimesuka nywele. Ningependa kuogopa kidogo, angalau nijue kuwa nipo.

Baada ya adhuhuri alikuja Shangazi, Bi Mize, kunifanyisha mazoezi. Alikuwa mkunga miaka mingi kabla miguu haijamchosha, na anajua wakubwa wanavyouliza. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba, akanisimamisha mbele yake. Mama alikuwa pembeni anaipiga pasi sare yangu, makaa yanafuka moshi kwa unyevu.

Shangazi aliniuliza mzazi akitokwa na damu nyingi nianze na lipi. Nikajibu. Akaniuliza habari za kuchemsha vyombo, za kubadilisha bendeji, za kumlaza mgonjwa asiyejiweza. Nikajibu yote. Maneno yalitoka yamenyooka, kama ya kasuku.

Halafu akauliza lile tulilokuwa tukilisubiri sote.

"Una ndugu wangapi, na wako wapi?"

Kaka yangu Haroub aliondoka kisiwani mwaka juzi kwa mashua, kupitia pwani ya Mangapwani, bila ruhusa ya serikali. Siku hizi kuondoka hivyo ni kosa, na waliobaki ndio wanaoulizwa. Tumesikia yuko Mombasa, lakini hatuna hakika. Mama mwenyewe ndiye aliyeamua, juma lililopita, kwamba nikiulizwa niseme sina ndugu. Alisema kazi ya serikali hapewi mtu ambaye jamaa yake ametoroka, na nyumba hii haina mwingine wa kuitegemea ila mimi.

"Sina ndugu," nilimjibu Shangazi. "Nimezaliwa peke yangu."

Sikubabaika. Sauti ilikuwa ileile niliyojibia habari za bendeji.

Nilipokuwa mdogo nilianguka nikavunjika mguu. Haroub alinibeba mgongoni kutoka Mpendae mpaka hospitali mjini, ananitania njia nzima ili nisilie. Siku ile ndiyo niliyomwona nesi kwa mara ya kwanza. Wakiniuliza kwa nini nimependa kazi hii, jibu la kweli ni hilo, nami nimeshalifuta kwa maneno mawili.

Nilisimama pale nikingojea kitu kinishtue. Hakikuja.

Shangazi alisema nimejibu vizuri. Mama aliiweka pasi chini, akatoka uani, mvua na yote. Hakurudi mpaka makaa yalipozimika. Shangazi akajitanda buibui lake, akaaga.

Baada ya magharibi Mama aliingia chumbani kwangu na sare mkononi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akawa anavishika vifungo kimoja kimoja kama anayetafuta kilicholegea.

"Kesho wakikuuliza," alisema, "sema unaye kaka."

Nikamkumbusha aliyoniambia mwenyewe.

"Nshayasahau. Mimi nimezaa wawili, mwanangu. Hapajapata kutokea mtu akaniambia nimezaa mmoja. Leo nimeambiwa na wewe."

Alisema taratibu, bila ya hasira. Nilimwambia, "Haya, mama." Nilitazamia nitalia, hata leso niliiweka karibu. Sikulia. Yeye akaitundika sare kwenye msumari, akaenda kutia udhu.

Nimekaa nalitazama vazi lile jeupe. Limenyooka vizuri, isipokuwa bega moja alipoachia pasi katikati.

Basi nimeamua. Nitawaambia ninaye kaka, anaitwa Haroub, alikwenda zake na sijui alipo. Wakininyima kazi sijui tutaishi vipi. Hilo pia nimelifikiria usiku huu, na bado halijanigusa.

Labda kesho, nikilitaja jina lake mbele ya watu nisiowajua, kitaniuma kitu.

Naomba kiniume.