Kwa Baba Kadiri, Fundi Aliyeifundisha Koleji Mieleka

Mwaka umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile ya Julai 1957 ulipotutoka. Tunaandika haya tukikulilia, na tunaandika tukiwa na hasira. Hatutaificha. Ulitukataza kumsema mtu kisogoni, kwa hiyo tunasema hadharani: mwaka huu kuna watu waliotaka kulifuta jina lako katika historia ya mieleka ya koleji yetu hapa Gisenyi. Tunaeleza walivyofanya, na walivyojibiwa, ili kila asomaye ajue.

Wewe ulikuwa fundi cherehani wa barazani. Zaidi ya chuo cha Kurani hukusoma popote. Mwaka 1951 koleji ilikuita ukashone magodoro ya bweni. Ulikuwa umekaa uani na sindano yako ndefu, ukawaona wanafunzi wakishikana mieleka, wanavutana mashati na kusukumana hovyo. Ukacheka mpaka ukajichoma kidole.

"Munashikana kama bibi na bwana arusi!" ukawaambia. "We murefu, kuja hapa."

Huyo mrefu alikuwa Ndayisaba, aliyekuwa akiwaangusha wenzake wote. Alikuja akicheka. Wewe ulikuwa na miaka arobaini na sita na kitambi kimeshaanza, lakini mieleka ulijifunza ujanani ukisafiri na wachuuzi wa chumvi, na mwili haukuwa umesahau. Ukamlaza chali mara tatu kabla kengele haijalia. Mkuu wa koleji wa wakati ule aliyaona yote kutoka dirishani, akakupa vijana saba na mchana wa kila Alhamisi.

Ulianza kwa kuwapa sindano. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga godoro la mieleka kabla ya kushiriki kulishona. Magunia ya kahawa, ndani majani makavu ya migomba. Wengine walikuwa watoto wa wakubwa, wakanuna, wakasema hiyo si kazi yao. Hukubishana nao. Uliwaacha waangukie ardhi tupu Alhamisi mbili, na ya tatu wakaomba uzi wenyewe.

Wakati wa alasiri ulikuwa ukitandika mswala wako kando ya uwanja, nao, Wakristo wote saba, walikaa kimya mpaka umalize. Hukuwaomba. Jioni ulirudi nyumbani na majani kichwani, Mama Saidati akakuuliza kama unatoka kwa wanafunzi au kwa mbuzi. Kisha ulikuwa ukimshika kaka Abdu kiunoni uani kutuonyesha kilichofanyika siku hiyo, na siku uliyovunja mtungi wa maji ulimsingizia yeye. Leo tunakusamehe mtungi, Baba. Tunaukumbuka kuliko vyombo vyote vizima tulivyo navyo.

Mwaka wa kwanza vijana wa shule ya Goma waliwachapa wako wote saba. Mwaka wa pili mkawashinda mapambano manne. Mwaka 1954 mlipanda mashua hadi Bukavu, vijana wakatapika njia nzima, wakashuka wamepauka, na bado wakarudi na kikombe cha shule za ziwa. Mji mzima ulishuka ufukweni kuwapokea. Wewe ulipita pembeni ukiwa umebeba godoro, ukaenda dukani kumalizia suruali ya mteja.

Lakini kuliko kikombe ulijali desturi moja. Kijana wako akimwangusha mwenzake, alipaswa kumwinua papo hapo na kumpangusa vumbi mgongoni kwa mkono wake mwenyewe. Asiyefanya hivyo hakupigana Alhamisi iliyofuata. Watu wa shule nyingine waliwacheka mwanzoni, wakawaita mayaya.

Kwenye mashindano ya Usumbura, mwaka 1955, desturi hiyo iliwagharimu. Lilikuwa pambano la mwisho, ushindi wote uko mikononi mwa Ndayisaba. Akamlaza mpinzani wake mabega yote mawili chini, halafu, kama ulivyomzoeza, akamwinua na kuanza kumpangusa. Mwamuzi alikuwa hajapuliza filimbi. Yule kijana akageuka, akamkata mtama, na Ndayisaba akalala chali mbele ya watu wote. Kikombe kikaenda. Njiani kurudi, ndani ya lori, vijana walikupa mgongo.

Mkuu wa koleji, yule yule aliyekupenda, alikuita ofisini. Abdu alikuwa nawe na alitusimulia neno kwa neno.

"Bon, Kadiri, hii adabu yako imetupokonya kikombe. Iache."

"Kikombe kibaki Usumbura, mi sina neno," ukamjibu. "Sitafundisha mutoto wa mutu kuacha mwenzake mu vumbi. Kama unataka hiyo, tafuta fundi mwingine."

Hakutafuta. Mwaka 1956 mlirudi kule kule, vijana wale wale, wakashinda sita kati ya saba, na kila aliyeanguka alipanguswa mgongo. Safari hii walingoja filimbi kwanza, maana hukuwa mjinga. Mwaka 1957 walishinda tena, nawe umekaa kitini, blanketi mabegani, huwezi tena kusimama muda mrefu. Miezi miwili baadaye ulikuwa umeondoka. Vijana hao saba, waliokuwa wameshamaliza masomo, ndio waliolibeba jeneza lako wakipokezana na jamaa zetu wa msikitini, na hakuna aliyeuliza nani wa dini gani.

Sasa sikia ya mwaka huu.

Koleji ina mkuu mpya. Ametengeneza ubao mzuri wa mbao, umeandikwa historia ya mieleka: miaka, vikombe, majina ya wale vijana saba. Juu kabisa pameandikwa jina la mwalimu, na si wewe. Ni mwalimu wa gimnastiki, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigia filimbi siku ulipokuwa na homa. Hatumtaji, ubao umeshamtaja.

Mama alivaa kitenge chake cha Idi akaenda kumwona huyo mkuu, nami Mwamini nikamsindikiza. Alitukaribisha vizuri, viti tukapewa. Mama akamwomba jambo moja, jina la mumewe liwekwe mahali pake.

"Mama, Kadiri hakuwa mwalimu," akasema. "Hana diplome. Lakini donc, tutamuandika mu orodha ya wafanyakazi: fundi ya magodoro."

"Godoro alishona kweli," Mama akasema. "Na hawa vijana, nani aliwashona?"

Mama akasimama, akakataa hiyo nafasi ya orodhani, tukatoka. Barabarani alilia, Baba, usidhani hakulia. Halafu akasema jina lako halitaombwa tena kwa mtu yeyote, na akatukataza kurudi kule.

Hatukurudi. Waliokwenda ni wanao wengine. Jumapili iliyopita ubao ulifunuliwa, na vijana saba walikuwa wamealikwa wasimame mbele wapigiwe makofi. Ndayisaba, ambaye sasa ni karani Ruhengeri na ana mtoto, aliitwa wa kwanza. Hakupanda jukwaani. Alisimama pale pale kati ya watu, akasema kwa sauti:

"Mutu alinifundisha ni Mzee Kadiri. Kama jina yake haiko, na yangu mufute."

Mkuu akacheka kidogo, akaita la pili. Hitimana akasimama: "Na yangu." Likaitwa la tatu. Wote saba, Baba. Wa mwisho ni Sebahire, yule mwenye kigugumizi uliyekuwa ukimsubiri amalize hata kama mvua inanyesha. Watu wote walimsubiri. Akamaliza.

Wiki hii seremala amepita na randa. Ubao sasa una vikombe vitatu na mwalimu mmoja, na hauna mwanamieleka hata mmoja. Waache nao. Wakiulizwa ni nani aliyeshinda Usumbura, watafute jibu.

Sisi jibu tunalo, na tunalichapisha hapa. Hitima yako itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya swala, mlango uko wazi kwa kila mtu, hata kwa mkuu wa koleji akipenda kuja.

Tunaokukumbuka, na tutakaokukumbuka maadamu tunapumua, wapende wasipende, ni mkeo Saidati, mwanao Abdu, binti yako Mwamini, dada yako Nyiramana wa Rubona, na wanao wa mieleka, ambao majina yao kuanzia leo yanaandikwa na ya nyumba hii: Ndayisaba, Hitimana, Mbonigaba, Mugabo, Théoneste, Jean Bosco na Sebahire.