Breki Niliyoifunga kwa Waya

Mama Léoncie wetu wa redio, salamu sana, naandika hii karatasi, naomba unisaidie na uisome pasipo jina langu. Mi ni mwanaume wa Fizi, kule Congo, niko na miaka makumi ine na moja, niko na bibi, Madeleine, na batoto bane, na kazi yangu njo kuendesha minibasi ya kanisa letu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ile inabebaka kwaya, wagonjwa, maiti, bibi arusi, kila kitu, na bantu bote bananiheshimu, banasema shofere wetu ni mtu wa Mungu, na mi sasa hata nsima, ugali wa huku, naiacha ku sahani.

Mambo ilianza hivi. Niliona mafuta ya breki inapungua, naongeza, kesho yake tena imepungua, na pedali inazama, lazima ukanyage mara mbili njo ishike. Nikaingia chini ya gari, nikakuta gurudumu ya mbele ya kulia imelowa kabisa, mafuta inavuja. Fundi mmoja wa huku kambini akaniambia hiyo haitengenezwe, inataka kipande kipya, na kipande kiko Lilongwe, na kutoka kambini ni mpaka upate karatasi ya ruhusa, na ile siku ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi tulikuwa na harusi kule Madisi, ruhusa ya kwenda imetoka tayari, kwaya yote imejipanga, kitenge kimeshonwa. Basi nikafanya ile tulikuwa tunafanya kwetu, ku barabara ya Uvira na Baraka, kila dereva wa kule anaijua: unakunja paipu ya gurudumu yenye kuvuja, unaibana na waya kwa nguvu, mafuta haipite tena, pedali inapanda, na gari inasimama kwa magurudumu tatu. Kwetu tuliendesha hivyo miezi na miezi. Lakini kwetu ni mashimo, unatembea polepole kama mwenye kubeba mayai, huku ni lami, gari inakimbia.

Mi nilijua kama inavuta. Niliijaribu mu kiwanja ya kanisa, nikakanyaga, ikaenda kushoto. Nikamwambia Pasta Josué, mchungaji wetu, "Pasta, gari iko na kashida kadogo ku breki." Akanijibu, "Shofere, usiogope, tutaiombea." Na ni kweli, kwetu gari haitoke bila maombi, bote tunaweka mikono juu ya boneti, Pasta anapakaa mafuta ya zeituni ku matairi yote ine. Mi pia niliweka mkono. Nilisema Amina kwa sauti kupita bote. Na nakuapia, Mama Léoncie, nilipomaliza ile Amina woga ilitoka, nikaona sasa hii ni kazi ya Mungu, si yangu tena.

Karibu kuingia Madisi kuna kamteremko. Lori ya mahindi ikasimama mbele yangu pasipo kuwasha taa. Nikakanyaga. Gari badala ya kusimama ikaruka kushoto, na pale kando ya lami alikuwa mutu wa kabaza, ile taksi ya baiskeli, hakubeba abiria, nilimuona mgongo tu na shati ya bulu. Alikata roho mbele hatujamfikisha hospitali. Jina lake Wyson, nililisikia ku polisi, baba wa batoto batatu. Na ku polisi nilisema njo yeye aliingia mu barabara. Banakwaya bakasema vilevile, bo hawakudanganya, walikuwa banaimba, hawakuona kitu, bakaamini mdomo wangu. Polisi bakaandika, bakaniacha.

Sasa kuna mama mmoja, Drocella, mjane wa Rwanda, alipitia kwetu Congo, hana mutu hata mmoja hapa, anafagia kanisa na analala mu kachumba nyuma ya kanisa. Ile asubuhi ya harusi alikuwa amepanda tayari, ameketi mbele, amevaa. Kisha akashuka, akabaki. Na bantu sasa banauliza, kwa nini alishuka? Banasema alijua. Banasema njo yeye aliloga gari. Ilianza na bamama ku bomba ya maji, ikafika mu kamati ya kanisa, juzi barusha mawe juu ya mabati yake, batoto bamekatazwa kumsalimia, na kamati imemwambia Jumapili hii asionekane tena mu kiwanja. Na ileile Jumapili gari inatoka tena na kwaya. Mi nilikataa kuendesha, nikasema mgongo unaniuma, bamepata dereva mwingine, Théoneste, mutu mzuri, ana batoto badogo. Gari bamenyoosha ubavu, bameweka kioo kipya, bamepaka rangi. Hakuna mutu alifungua gurudumu. Waya yangu iko pale.

Iko tena kitu kingine, ni kidogo lakini inanisumbua. Drocella hakushuka mwenyewe. Mi njo nilimshusha. Niliona tumejaa sana, nikawaza breki iko dhaifu, nipunguze uzito, nikaangalia ndani nani nimshushe, na bote walikuwa na bwana, ao kaka, ao jamaa ya kuja kunigombeza, isipokuwa yeye. Alisema mbele ya kamati, "Dereva njo alinishusha." Pasta akanigeukia, "Shofere, ni kweli?" Nikaangalia viatu vyangu, nikasema sikumbuke.

Nifanye nini? Nikisema, ni jela, na mi mkimbizi, Madeleine na batoto bataishi aje? Nawaza niende niondoe ile waya kwa siri, nimwambie Théoneste aende polepole, kisha ninyamaze. Ao niandikie Pasta barua isiyo na jina. Nishauri, mama, nateketea.

Shofere wa Fizi

*

Shofere,

Barua yako ilinifikia Alhamisi jioni. Kipindi chetu ni Jumamosi saa sita mchana. Ulitaka nikae na roho za kwaya nzima ndani ya bahasha siku mbili, nikingojea zamu ya maikrofoni? Sikungojea. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa huyo ninayemwita hapa Pasta Josué (majina yote ya barua hii nimeyabadilisha, ila langu), nikaenda na Ndikuriyo, fundi wetu wa jenereta, nikasema kitu kimoja tu: fungueni gurudumu la mbele la kulia. Wakafungua. Waya wako ulikuwapo, umeanza kushika kutu. Gari sasa liko juu ya mawe, gurudumu limewekwa ndani ya vestri, chumba cha mchungaji, na gari haliendi popote mpaka kipande kipya kitoke Lilongwe. Kwa hiyo ule mpango wako wa kwenda kuutoa kwa siri, usahau. Na ungeutoa tu bila kutengeneza, mafuta yangemwagika yote na Théoneste angekanyaga hewa. We ni dereva, hilo unalijua. Woga umekufanya uwaze kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Ngoja niseme na madereva wengine wanaonisikiliza, maana huyu si peke yake. Mafuta ya breki yakipungua, yanavuja. Hayaendi mahali pengine. Pedali ikizama, simamisha gari. Gari likivuta upande ukikanyaga, kuna gurudumu halifanyi kazi, na litakupeleka upande ule linaovutia, na huku kwetu upande wa kushoto ndiko wanakopita watu wa miguu na watu wa kabaza. Ujanja wa kukunja paipu tulitoka nao Congo, nami baba yangu aliufanya, Mungu amrehemu. Tuliufanya kwa sababu ya vita na kukosa vipande. Huku acheni. Na nyinyi wachungaji, ombeeni magari, sikatai, mimi mwenyewe naomba kabla ya kupanda. Lakini dereva akikuambia breki ina shida, jibu lake ni "basi hatuendi". Harusi ingefungwa bila kwaya, na Wyson angekuwa nyumbani kwake.

Sasa turudi kwako. Umeandika karatasi nzima juu ya paipu na mteremko na lori la mahindi, halafu chini kabisa ukaniambia kuna "kitu kidogo". Ee baba! Hicho kidogo ndicho kilichokufanya uandike. Breki ulikosea. Ulikosea vibaya, mtu amekufa, na hilo utalibeba. Ila ulipoulizwa mbele ya kamati hukukosea, ulikusudia. Pale ulikuwa na akili zako timamu, hakuna lori lililosimama ghafla, ulikuwa na nafasi ya kusema "ndiyo", neno moja, lakini ukawapa watu yule mama badala yako. Ulimchagua mara mbili kwa sababu ileile: hana wa kumtetea. Nakuonea huruma kwa usingizi unaokosa, kweli nakuonea. Lakini nakuonea haya pia.

Na sikiliza kilichotokea baada ya gurudumu kufunguliwa, maana nilidhani waya ule utamwokoa. Pasta aliushika mkononi, akaugeuzageuza. Wazee wawili wa kamati walikuwapo. Mmoja akasema, "Mnaona? Analala nyuma ya kanisa. Gari linalala hapo hapo. Ni yeye aliufunga." Drocella! Mama wa miaka sitini na kitu, ambaye sidhani kama amewahi kushika spana. Nikapiga kelele pale, nikawaambia wanamkosea Mungu; wewe sikukutaja, uliniomba siri. Waliniangalia kama mtu aliyeingia msiba usiomhusu. Kwa hiyo ujue hivi: hakuna chuma, hakuna fundi, hakuna mshauri wa redio anayeweza kumtoa yule mama pale alipo. Ni mdomo wako peke yake. Barua isiyo na jina haina mdomo, watasema ameiandika yeye.

Fanya hivi, na ufanye leo. Zima redio, mwambie Madeleine kila kitu, asisikie kwa watu. Atalia, mwache alie. Kisha nenda naye kwa Drocella, kabla ya Pasta, kabla ya kamati. Usimwombe akusamehe hapo hapo, hiyo ni kumwongezea kazi. Mwambie tu kwamba utasema, na lini. Kesho ibadani, kabla ya mahubiri, simama mbele ya hao waliorusha mawe, useme: waya niliufunga mimi, na mama huyu nilimshusha mimi. Usiongeze shetani ndani yake. Jumatatu nenda ofisi inayotetea wakimbizi, uombe mtu wa sheria, uende naye polisi ubadilishe maneno yako. Na Pasta akupeleke kwa mfumu, yaani chifu, wa kijiji cha Wyson, kwa sababu batoto wale watatu wanaishi wakiambiwa baba yao alijiua kwa uzembe wake. Hilo nalo ni jina ulilomchafulia mtu.

Utafungwa? Huenda. Sitakudanganya, na ukimbizi wako hautakusaidia. Umeuliza Madeleine na batoto wataishi vipi. Wataishi kwa shida, kama tunavyoishi wengi hapa, kwa cherehani, kwa kuuza nyanya, kwa majirani. Wamama wa kipindi hiki tutawatazama, hilo naahidi mbele ya wasikilizaji wote. Lakini usiwatumie batoto wako kama kifuniko. Drocella naye alikuwa na batoto, waulize watu wa Rwanda waliokimbia vita pamoja naye msituni Congo wakuambie waliishia wapi.

Leo asubuhi, kabla ya kuingia hapa studio, nilipita kwake. Nilimkuta amefunga nguo zake ndani ya shuka, ameketi juu ya furushi, hajui aelekee wapi, kutoka kambini hana ruhusa na ndani ya kambi hakuna anayemfungulia mlango. Sikumtajia mtu. Nilimwuliza tu kama ana chuki na yule dereva aliyesema hakumbuki.

Akaniambia, "Hapana. Anaogopa, ana batoto. Na ile siku alinishusha vizuri, alinishika mkono, akaniita mama. Tangu nifike Dzaleka hakuna mtu alikuwa ameniita hivyo."

Amepanga kuondoka kesho alfajiri, kabla watu hawajafika kanisani. Nenda sasa hivi.