Marcelino Alikataa Kuvuliwa

S.L.P. 4417,
Dar es Salaam.
9 Agosti 1977

Mpendwa dada Mektilda,

Mguu wa mwanao Marcelino haukatwi. Daktari amenithibitishia leo asubuhi hapa hospitalini Upanga, nami nimeona heri ulisome hilo kabla ya salamu. Sasa shikamoo, dada. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Kibosho? Sisi wengine wa Kariakoo ni wazima.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilisema ajali tu. Ijumaa, katika karakana ya betri huku mtaa wa Gerezani, Marcelino na mwenzake Fikirini walikuwa wamebeba mtungi wa kioo wa tindikali. Uliwaponyoka, ukapasuka sakafuni, tindikali ikamrukia Marcelino mapajani. Suruali ya kaki ikafuka moshi, na nyama chini yake ikaanza kuungua.

Fikirini alimburuta hadi bombani. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Bi Candida, mama mkwe wa Marcelino, ambaye hubandika nembo za betri palepale. Wewe unajua tulivyolelewa.

"Vua, mjinga wewe, unaiva!" Fikirini alimfokea.

"Mbele ya mkwe? Niue kwanza!"

Fikirini aliposhika mkanda, Marcelino alimpiga kichwa, akamvunja jino. Wakagaagaa na kutwangana ngumi, maji yakimwagika bure. Bi Candida ndiye aliyekuja na mkasi wa karatasi. Alimzaba mwanao kofi, akaichana suruali hadi kiunoni.

"Heshima nitakupa ukiwa hai," alimwambia.

Ngozi ya paja la kulia ilitoka pamoja na kitambaa. Nimeliona paja lenyewe.

Kila siku Bi Candida huleta uji, humwachia muuguzi mlangoni. Marcelino hajakubali aingie.

Jana wafanyakazi walikutana kupanga mafunzo ya kumwokoa mtu aliyemwagikiwa. Mkufunzi wao, Seifu, alieleza: nguo zitoke papo hapo, kisha maji mengi bila kukatiza. Wanaume wakadai wanawake waondolewe kwanza karakanani.

"Kwani tindikali inabisha hodi?" Bi Candida akawauliza. "Mwenye haya akauze mchicha."

Walicheka, ila hakuna aliyejitolea kuvuliwa kwa mazoezi, hadi Fikirini aliposimama na mdomo wake uliovimba.

Nisalimie kaka Tarsis, na Celina na watoto wake. Mungu akupe usingizi, dada, najua umeukosa.

Mafunzo yanaanza Jumatatu tarehe 15, saa mbili asubuhi. Wa kwanza kuvuliwa ni Fikirini, na wa kumvua ni Bi Candida.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Severine