Gazeti la Jumamosi

Gesima, 19 Oktoba 1972

Baba Kemuma,

Sisi hatujambo. Chai tunachuma, na Kemuma ameota jino.

Sukari uliyompa jirani yetu Ombati aniletee kutoka Nakuru imefika, imefungwa kwa gazeti. Zamani ukishindwa na fumbo la maneno uliniachia visanduku vitupu nikusaidie. Safari hii vimejaa vyote, nusu kwa mwandiko wako, nusu kwa wino wa kijani, herufi za mviringo za mtu asiyeshika jembe.

Siulizi ni nani. Lakini gazeti ni la Jumamosi, na uliniandikia kwamba Jumamosi hiyo ulishinda kanisani Sabato nzima.

Mwambie namba sita, kwenda chini, amekosea. Nimemsahihishia. Jumapili nakuja huko na kalamu yangu.

Mkeo,
Nyamoita